"Futa Yote, Niachie Mafaili Tu!"

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, fundi wa nguo hapa Kamembe, Rwanda, mpakani na Kongo, nina mume na watoto wanne. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa kiongozi wa chorale, yaani kwaya, ya kanisa letu. Nasema nilikuwa... Jina langu ni Alphonsine na silifichi, maana waliotaka kunicheka wameshacheka mpaka wakachoka.

Mkiona humu habari za kompyuta msifunge ukurasa mkisema hayo ni mambo ya vijana. Mimi pia nilisema hivyo hivyo! Leo nikifika karibu na kanisa langu mwenyewe nahamia upande wa pili wa barabara. Kompyuta haikunikosea kitu. Aliyenikosea ni mdomo wangu huu, na mtu mmoja anaitwa Fidèle, ambaye mpaka leo nikimkuta sokoni namgeuzia mgongo. Najua ni dhambi. Pasta ameshaniambia, mume wangu ameshaniambia. Waniache!

Huyu Fidèle alikuwa msaidizi wangu kwenye chorale. Ni teno mzuri, sikatai, na ni fundi wa kompyuta mjini. Lakini ana tabia ya kukusahihisha mbele ya wageni. Ukianzisha wimbo, yeye anakohoa. Ukimaliza kuongea, yeye anaongeza. Nilijua zamani kwamba anakitaka kiti changu, na kila alipofungua mdomo mimi nilisikia hilo tu.

Juu yetu sote alikuwapo Mzee Tadeyo wa Giheke. Huyo alikuwa mwalimu wetu wa nyimbo tangu tukiwa watoto upande wa Bukavu, ambako wazazi wetu walikuwa wakimbizi. Baba yangu alipokufa, Mzee Tadeyo ndiye aliyenilipia daftari na kalamu. Ndiye aliyeniambia kwamba nina sauti ya alto, wakati wengine walisema naimba kama mwanaume. Tuliporudi Rwanda tukamkuta amefika kabla yetu, ameshaanzisha chorale. Nyimbo zetu zote zilitoka kichwani mwake.

Sisi hatuandiki muziki kwa vile vidoti vyenye mikia. Tunaandika solfa, herufi tupu: d, r, m, f... na nukta na vistari vya kupima mapigo, mistari minne, mmoja wa soprano, mmoja wa alto, mmoja wa teno, mmoja wa besi. Ukikosea nukta moja, besi wanaingia mbele ya soprano na ibada inageuka soko.

Mzee alipozeeka mikono ikaanza kumtetemeka. Hakuweza tena kushika kalamu. Basi kijana mmoja wa Bukavu, Patient, aliyekuwa anasomea kompyuta, akamhurumia. Akatutengenezea programu ya kuandika solfa, herufi kubwa kubwa, na ukibonyeza inakuimbia sauti zote nne. Akaweka mfumo wa Linux kwenye kompyuta ya ofisi ya chorale, kwa sababu zile fleshi zilizokuwa zinavuka mpaka zilijaa virusi. Programu yake akaiweka humo kwa mkono wake mwenyewe. Haikuwa na CD, haikuwa kwenye internet, haikuwa popote duniani ila humo! Kisha Patient akaenda Ulaya na namba yake ikakufa.

Mzee akawa anakuja kila Jumanne na Alhamisi, anaandika kwa kidole kimoja. Alinakili humo nyimbo zake zote za zamani. Madaftari yakaliwa na mchwa, tukayachoma, nani alijali? Si yote yalikuwa kwenye kompyuta?

Mwaka jana akaanza wimbo mmoja hakutaka mtu auone. Nikiingia anafunika kioo kwa kofia yake.

"Toka, weye! Utauona siku utaisha."

Nikacheka, nikatoka. Laiti ningeng'ang'ania siku ile...

Sasa kompyuta ikaharibika. Ilikuwa inajisasisha, umeme ukakatika katikati, na tangu hapo ukiiwasha inakwama kwenye kioo cheusi chenye maandishi meupe. Nikamwita Fidèle. Akaja Jumamosi mchana, nusu ya chorale wakiwa wameshafika kwa mazoezi. Akachunguza, akasema hakuna njia, Linux iwekwe upya. Halafu akaniuliza swali. Nalikumbuka neno kwa neno.

"Maman Alphonsine, mafaili itabakia, iko na fasi yake pembeni. Lakini ma-programu je? Kuko vitu Patient alitiaka humu na mukono. Unipe siku mbili, niandike liste ya vyote, niangalie alivitia wapi."

Siku mbili! Tulikuwa na sikukuu ya mavuno Jumapili iliyofuata, na karatasi za maneno zilikuwa bado hazijachapwa. Na alivyouliza, ndugu zangu, mbele ya watu, kwa sauti ile ya mwalimu anayemuuliza mtoto mzito... Damu ikanipanda.

"Fidèle, unapenda kujionyesha sana! Programu zimejaa kwa internet. Futa yote, niachie mafaili tu!"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilinipendeza, nakiri. Akaniangalia, akauliza tena taratibu:

"Ni weye umesema?"

"Ni miye!"

Akainama akafanya kazi. Jioni kompyuta ikawa inakimbia kama mpya, na mafaili yote ya Mzee nikayaona kwa macho yangu, majina yote, hata ule wimbo wa siri aliouita "Wa Mwisho". Nikajisifu kwamba nimeokoa kila kitu.

Mniulize, kwa nini nilishika mafaili tu? Sisi tuliolelewa ukimbizini tumefundishwa hivyo. Siku tunakimbia, mama yangu alipiga kelele nyumba nzima: makaratasi kwanza! Vyeti vya ubatizo, diplome ya baba, vitambulisho, vyote kwenye mfuko mmoja. Vyombo vitapatikana mbele, alisema. Cherehani yake ikabaki ukutani. Haikupatikana mbele! Mama alikufa bila kushona tena, na diplome ya baba sijui hata iko wapi. Mimi mwanamke ninayekula kwa cherehani, nililiona hilo kwa macho yangu, na bado sikujifunza. Huo si upumbavu?

Sikukuu ikapita vizuri. Hakuna aliyefungua nyimbo za Mzee, kwa sababu zile tulizoimba tulizijua kwa kichwa. Mzee mwenyewe akawa hafiki ofisini, anasema ana kizunguzungu. Baada ya wiki tatu akaanguka shambani kwake. Tukamkuta hospitalini upande mmoja wa mwili umekufa, ulimi umekuwa mzito. Akanishika mkono kwa ule mkono wake mzima. Binti yake, Maman Béatrice, alikuwa ameketi kitandani na alisikia kila neno.

"Ule wimbo umeisha. Uko mule. Muniimbie... nisikie."

Nikamwapia. Nilisema, Papa, utausikia, naapa kwa Mungu aliye hai. Akafumba macho akatabasamu kwa nusu ya mdomo.

Nikatoka hapo mbio mpaka ofisini. Nikabofya "Wa Mwisho". Kompyuta ikaniuliza nataka kuufungua kwa programu gani. Programu gani? Nikatafuta ile ya Patient. Haipo! Nikatafuta kote, haipo... Nikalazimisha kuufungua kwa programu nyingine, zikatoka takataka, alama na namba na maswali, kioo kizima. Nikajaribu wimbo mwingine, takataka. Mwingine, takataka! Nyimbo zote za maisha ya mtu, zimo humo ndani, nazihesabu kwa majina, na hakuna hata mmoja unaofunguka.

Nikapiga namba ya Patient, imezimwa. Nikavuka kwenda Bukavu kwa shangazi yake, akaniambia hata yeye hajui kijana yuko nchi gani. Nikaita fundi mwingine wa mjini. Akaangalia dakika chache akaniambia, Maman, mafaili yako mazima kabisa, kinachokosekana ni chombo cha kuyafungua, na chombo chenyewe kilikuwa kwenye ile sehemu iliyofutwa.

Kwa nini sikwenda kwa Fidèle kwanza? Mnajua kwa nini.

Nilikwenda mwisho, na sikwenda kuomba. Nilimngoja siku ya mazoezi, watu wote wamekaa, nikasimama mbele nikamshambulia. Nikasema ameua nyimbo za Mzee kwa makusudi ili chorale ife apate kuanzisha ya kwake. Nikamwita nyoka. Nikamwita mchawi! Ndani ya nyumba ya Mungu, wasomaji... Soprano mmoja akaanza kulia, mimi naendelea.

Fidèle akasimama. Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliniudhi zaidi.

"Nilikuuliza. Hawa bantu bote balisikia. Na juu niliona haujui kile unasema, mbele ya kufuta nilikopia folda ya Patient, pamoja na mafaili ya Mzee. Iko kwangu kwa nyumba. Uniombe masamaha hapa, mbele ya bale ulifanya banicheke, na leo leo ninakuletea."

Wote wakaniangalia. Neno moja tu lilihitajika, jamani, neno moja! Hata mtoto mdogo analijua.

Lakini mimi kichwani nilikuwa nawaza, kumbe ulikuwa nayo wiki zote hizi ukakaa kimya? Ukaniacha nivuke mpaka, nihangaike, huku unacheka kichinichini? Na kama unadanganya je? Nimpigie magoti mwongo halafu aniambie ametafuta hakuona? Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Afadhali wimbo uoze mule ndani kuliko mimi nikuombe weye masamaha!"

Nilisema. Sitaki kuongopa, nilisema hivyo hivyo, juu ya wimbo wa mtu aliyenilea.

Fidèle akachukua koti lake. Nyuma yake wakatoka teno wote, nusu ya soprano, na besi wawili. Hawakugombana na mtu. Walitoka tu. Baada ya siku chache nikasikia wanafanya mazoezi Mururu, kwenye nyumba ya mmoja wao.

Mume wangu akaniomba nikapatane naye. Nikamjibu kama anampenda Fidèle sana akahamie kwake. Pasta akaniita tuongee wote watatu, nikasema nina nguo za harusi za kumaliza. Maman Béatrice akaja mpaka dukani kwangu, amechoka, macho mekundu, akaniambia Papa anauliza kuhusu wimbo kila siku, amwambie nini? Nikamdanganya mchana kweupe. Nikamwambia tunaufanyia mazoezi, awe na subira.

Na hospitalini sikwenda tena. Ningekwenda na nini? Mzee angeniangalia na lile jicho lake moja zima, ningemwambia nini? Asubuhi nasema leo naenda, jioni nasema kesho. Kutoka dukani kwangu kwenda hospitalini ni mwendo wa kutembea tu! Siku zikapita hivyo, na kila siku hasira yangu kwa Fidèle inakua, kama kwamba ni yeye aliyenifunga miguu.

Siku ya kumi na mbili tangu ule ugomvi simu ikalia. Mzee Tadeyo ameaga dunia.

Sitaeleza nilivyolia. Machozi yangu yalikuwa na faida gani?

Tulimzika Giheke, kwenye shamba lake. Watu walijaa mlima mzima. Chorale yangu, au tuseme kile kilichobaki, tukaimba wimbo wake mmoja wa zamani tulioujua kwa kichwa. Bila teno! Ilikuwa aibu. Tulipokaa chini, kundi la Mururu likasimama, Fidèle mbele, kila mtu na karatasi mkononi. Nilikuwa nimekaa karibu. Nikaona zile herufi kubwa kubwa za Patient... Hakuongopa. Alikuwa nayo kweli.

Wakaanza. Ndugu wasomaji, sijawahi kusikia wimbo kama ule. Ulianza chini sana, besi peke yao, halafu teno wakaingia polepole, halafu soprano. Watu waliokuwa kwenye migomba wakaacha kunong'ona. Nikawa nachukia na kulia kwa wakati mmoja. Kisha, katikati, wakanyamaza.

Walinyamaza wote. Mkono wa Fidèle tu uliendelea kupima mapigo hewani, bila sauti, moja, mbili, tatu, nne, tena na tena. Halafu wakaingia tena wote pamoja wakamaliza. Watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyo. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, Tadeyo alikuwa fundi, hata kimya alikiandika.

Baada ya mazishi Maman Béatrice akanifuata akaniwekea karatasi mkononi. Nikasoma mstari wa alto. Pale walipokuwa wamenyamaza palikuwa na herufi, mstari mzima wa herufi, na juu yake Mzee alikuwa ameandika: "Alphonsine peke yake."

Nikaikunja karatasi, nikaikunjua tena.

Maman Béatrice akaniambia, bila ukali, na afadhali angenipiga kofi. Siku tatu kabla ya kifo, kundi la Fidèle lilifika wodini. Waliimba taratibu, wagonjwa wengine wakaamka kusikiliza. Mzee alilia kwa furaha. Walipofika mahali pale wakanyamaza, Mzee akainua mkono wake mzima kama anavyofanya akitaka mtu aingie. Akangoja. Akageuza kichwa akaangalia mlango. Wimbo ulipoisha akauliza:

"Alphonsine iko wapi?"

Fidèle akamjibu: "Iko njiani, Papa."

Akaendelea kuangalia mlango mpaka usingizi ukamchukua.

Niliposikia hivyo nikamkimbilia Fidèle palepale, watu bado wanashikana mikono. Nikamuuliza kwa nini hakuniita. Simu moja! Aliona jina langu kwenye karatasi, alijua nafasi ni yangu, kwa nini? Akanijibu kwa sauti ndogo:

"Ulisema wimbo uoze. Na hatukupata muntu wa kuweka kwa fasi yako."

Akaondoka. Mpaka leo sijui. Alipaacha patupu ili kuniheshimu, au ili kunichoma mbele ya mlima mzima? Nikifikiri ni heshima, naona haya. Nikifikiri ni kisasi, namchukia upya. Siku nyingine nafikiri yote mawili kabla chai haijapoa. Kumtumia mgonjwa kunikomoa mimi, huo ni ukatili, na nitausema mpaka nizeeke! Lakini nani alimpa kisu?

Wiki iliyofuata akanitumia fleshi kupitia kwa Maman Béatrice, bila salamu. Programu ya Patient ilikuwamo. Tuliirudisha kwa dakika chache tu. Dakika chache! Nyimbo zote zinafunguka sasa. Uongozi niliuacha mwenyewe, kabla hawajaniondoa.

Basi nisikilizeni. Fundi akikwambia kwamba Linux iwekwe upya, usiulize juu ya mafaili peke yake. Mafaili bila programu yake ni kufuli bila ufunguo. Mwambie aandike orodha ya programu zote zilizomo, hiyo ni kazi ndogo kwake. Zile zilizowekwa kwa mkono, ambazo hazipo mahali pengine, azinakili pembeni kwanza, na ajaribu kuzifungua kwenye mashine nyingine kabla ya kufuta. Muulize kama kuna njia ya kuweka upya bila kufuta, maana mara nyingine ipo. Akiomba siku mbili, mpe! Hata kama humpendi. Hata kama anakohoa ukianza wimbo.

Na la pili, ambalo ndilo lililoniua. Ukimkosea mtu, mwombe msamaha siku ileile, hata kama naye ana makosa yake, hata kama ana kiburi kukuzidi. Fidèle ana kiburi! Lakini magoti yangu yangeuma dakika moja tu. Nilikataa dakika moja.

Mstari wangu naujua sasa, herufi kwa herufi. Nauimba nikiwa peke yangu dukani, nimefunga mlango, na nikifika mwisho nanyamaza kwa sababu hakuna wa kunipokea. Wewe unayesoma hapa, kama kuna mgonjwa anayekungoja na neno moja linakuzuia kwenda, acha kusoma. Nenda ukaliseme leo. Mtu akishageuza uso ukutani akafa, hata ukiimba vizuri namna gani, hageuki tena.